Msusi wa Bluff na Kiota cha Mbayuwayu

Katika wasusi wote wanaonunua nywele za bandia kwangu, tangu katikati ya mji wa Durban hadi Isipingo, hakuna anayenichosha kama Élisabeth. Pakiti huifungua mbele yangu, huvuta nyuzi mbili tatu, huzinusa, kisha huchoma ncha kwa kiberiti aone zinavyoyeyuka. Akisharidhika ndipo anapoanza kubishana. Nimeianza biashara hii na begi moja la mkononi pale kwenye kituo cha teksi, nimepambana na watu wa kila namna, na sikumbuki siku niliyotoka kwake nikijiona nimeshinda. Namheshimu kwa hilo. Mtu anayejua thamani ya kitu hasumbui hata akibishana. Anayesumbua ni yule asiyejua anataka nini.

Kwa hiyo habari ya ndege wake ilinichukua muda kuielewa.

Élisabeth ni mtu wa Uvira, anakaribia hamsini. Alisuka pembeni mwa barabara mjini, akasuka katika saluni za watu, mwishowe akapanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya Dominiki kule Bluff, kwenye mgongo wa kilima kinachotazama bandari. Chumba kimoja analala, cha pili ndiyo saluni. Mbele kuna baraza pana lenye paa la bati na benchi la wateja wanaongoja. Dominiki mwenyewe, Mngoni wa Songea, ni mchomeleaji vyuma bandarini. Nyumba ile aliinunua kwa jasho lake, anaishi vyumba vya nyuma, na hapendi mtu apigilie hata msumari bila yeye kujua.

Mbayuwayu walitokea mwezi wa Septemba, miaka miwili iliyopita. Wawili, dume na jike. Migongo yao ni ya buluu iliyokolea, inang'aa kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kichwa na kiuno vina rangi ya kutu, na kifua ni cheupe chenye michirizi myeusi. Walikuja na tope mdomoni, tone moja moja, wakaanza kulibandika kwenye kona ambapo upenu wa paa unakutana na ukuta.

Asubuhi hiyo Élisabeth alikuwa anamsuka binti wa miaka minne, Ineza, mtoto aliyekuwa anajulikana mtaa mzima kwa mayowe. Wanaosuka wanajua. Mtoto wa namna hiyo anakula saa nne za kazi, na mwisho mama yake anakuangalia kama umemchinja. Kwa kuwa saluni ilikuwa na joto, Élisabeth alikuwa amekiweka kiti barazani. Ineza akaona ndege, akanyamaza. Kila mbayuwayu aliporudi na tope mtoto alihesabu kwa sauti, shingo imetulia kama ya sanamu. Mistari yote ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Élisabeth kuanzia siku ile alianza kuwasukia watoto wote kwenye kona ileile. Habari ikatembea. Akina mama wakaanza kuambiana mpaka Isipingo: mtoto wako anapiga kelele? Mpeleke Bluff, kwa tantine wa ndege, yule shangazi msusi.

Hapo nilidhani nimeelewa. Nikamwambia, "Umepata tangazo la bure, mama."

"La bure?" akasema. "Nani amekuambia iko ya bure? Ngoja."

Alikuwa na haki. Wiki ya pili, kiota kikiwa kimefikia nusu, kilidondoka. Ndege wakaanza upya, kikadondoka tena, na mwezi wa kumi wakaondoka. Mtu mwingine angefagia na kusahau. Yeye aliokota kipande, akakisaga kwa vidole, akakionja kabisa kwa ncha ya ulimi.

"Mchanga," akasema. "Bluff yote iko mchanga. Hata miye sengeweza kujenga na hii."

Mwaka uliofuata, Agosti, alipanda teksi mpaka Isipingo, akachimba udongo wa mfinyanzi kando ya mto, akajaza ndoo mbili. Kila ndoo aliilipia kiti chake kwenye teksi, maana dereva alikataa kuziweka mlangoni. Abiria mmoja akamwuliza kama ile ni dawa. "Ni nyumba," akamjibu.

Udongo huo aliuweka kwenye sinia kuukuu karibu na bomba, akaumwagilia maji kila alfajiri ili usikauke. Septemba mbayuwayu walirudi. Siku ya kwanza walilizunguka lile sinia bila kutua, siku ya tatu walikuwa wanachota. Safari hii kiota kilishika. Kikawa kama kibuyu kilichokatwa nusu na kubandikwa chini ya paa, na shingo yake ndefu kama kidole ndiyo mlango. Nimeona mafundi wa plasta wanaolipwa vizuri na hawawezi kazi ile.

Sasa ndipo lilipokuja kosa, na ni kosa ambalo nadhani ni msusi tu angeweza kulifanya.

Kule kwao nyumba za udongo huchanganywa na majani makavu ili ukuta usipasuke. Élisabeth akafikiri: tope bila nyuzi halidumu, na nyuzi mimi ninazo, kila siku nafagia mfuko mzima. Akaanza kutundika vipande vya nywele za bandia kwenye waya wa uzio, vyeusi, vya kahawia, vyekundu kama divai. Alitaka kuwasaidia.

Mbayuwayu hawakugusa hata unyuzi mmoja. Waliogusa ni shomoro.

Lazima niseme ukweli, sina chuki na shomoro. Ni mfanyabiashara. Anaishi palipo na watu, anakula kilichoanguka, hachagui, na nyumba ya bure akiiona haulizi ya nani. Lakini walikuja kutoka mitaa mitatu. Walikuta nywele, walikuta makombo ya magwinya, yale maandazi ya huku, ambayo wateja hula wakingoja, na juu yake wakakuta kiota kizuri kilichokwisha kujengwa. Siku ya Jumatano Élisabeth alifungua mlango akakuta mayai matatu meupe yamepasuka sakafuni. Shingo ya kiota ilikuwa imevunjwa nusu, na ndani kumeshindiliwa majani na nywele nyekundu zilizoning'inia nje kama msuko uliofumuka.

Wateja walicheka. Mmoja akasema, "Tantine, hata ndege wanakusukia bure!" Naye akacheka kidogo, kwa ajili ya biashara.

Jioni alipanda ngazi kusafisha. Ndani alimkuta shomoro jike amekufa, mguu umezongwa na unyuzi wa nywele mara nyingi mpaka umekatika ngozi. Alinionyesha nilipopita na mzigo. Alikuwa amemweka kwenye kipande cha gazeti.

"Tazama," akasema. "Mèche yangu, hii nywele ya bandia, imeharibu huku na huku. Hii haikuwa kazi ya shomoro. Ilikuwa kazi ya miye."

Hakulia wala hakujilaumu siku mbili. Alitafuta gunia lenye mdomo wa kufunga, na tangu siku hiyo hakuna unywele unaotoka saluni kwake isipokuwa ndani ya gunia hilo. Akapiga marufuku kula barazani. Kwa wasusi hilo si jambo dogo: mteja anayekaa saa sita lazima ale, na ukimbughudhi anakwenda kwa Mireille, msusi mwingine aliye nyumba ya tano kwenye mtaa huohuo. Baadhi walikwenda. Élisabeth akawaacha waende.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, mbayuwayu walirudi, wakakarabati shingo iliyovunjika. Shomoro nao hawakuwa wamehama. Alikuwepo dume mmoja mwenye doa jeusi kifuani kama mtu aliyevaa bibu, na huyo alikaa kwenye mfereji wa paa kuanzia alfajiri akipigia hesabu kile kiota. Élisabeth alifunga chanuo lenye mkia kwenye ncha ya fimbo ndefu, na kila mara mbayuwayu walipotoka na shomoro kuingiza majani, aliyachomoa. Mara kumi kwa siku. Mara kumi na tano. Mkono mmoja kwenye kichwa cha mteja, macho juu.

Ndipo Dominiki alipokuja na mbao.

Nilikuwepo, nakunywa chai, nikingoja Élisabeth amalize kuzitukana pakiti zangu. Dominiki alisimama katikati ya baraza, mikono kiunoni.

"Mama Élisabeth, mwaka huu napaka rangi nyumba nzima. Kazini tukifunga kwa ajili ya Krismasi, Josias anakuja na ndoo zake. Na huu upenu nauziba kwa mbao, kuanzia pale mpaka pale. Nimechoka na mavi ya ndege kwenye ukuta wangu."

"Papa Dominiki, ukuta nafuta kila siku."

"Unafuta, ndiyo. Na majani? Na manyoya? Majirani wananiuliza kama nafuga kuku." Akamgeukia mwenye kunywa chai, maana yake mimi. "Eti bwana, wewe ungekubali?"

Nikasema chai ni nzuri.

Élisabeth aliliweka chanuo mezani. Nikautambua uso ule. Ndio anaonionyesha mimi anapotaka pakiti kumi kwa bei ya nane.

"Majani yanaletwa na shomoro," akasema. "Mbayuwayu hailete majani. Ukiziba, unafukuza mwenye nyumba na mwizi anabaki kwenye mfereji wako. Haiko vile?"

"Nitaziba na mfereji."

"Mvua itapita wapi?"

Dominiki akakuna kichwa. Akasema, "Miaka miwili hao ndege wako hawajatoa hata kinda moja. Wanachafua tu. Ndege asiyezaa anakaa kwangu kwa faida gani?"

"Basi tupatane," akasema Élisabeth, haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja neno hilohilo. "Josias akifika kwenye hii kona, kama iko mtoto ameruka kutoka mule, kona ni ya ndege. Mwaka huu na mwaka kesho, na hauniulize tena. Kama hakuna mtoto, piga mbao yako, na miye nakushikia ngazi."

"Ameruka. Siyo ametoa kichwa."

"Ameruka."

"Na hupigilii misumari kwenye mbao zangu."

"Sipigilii."

Wakapeana mikono. Nilimwambia baadaye kwamba amekubali masharti mabaya, maana Josias hawangoji ndege, wala ndege hawana kalenda. Akaniambia nimalize chai yangu.

Mwanzoni mwa Novemba yule shomoro wa bibu alishinda. Élisabeth alikwenda kanisani, saa mbili tu, akarudi akakuta mayai mengine matatu sakafuni. Alifagia maganda, akaosha sakafu. Ameniambia kwamba mchana huo, kwa mara ya kwanza, alifikiria kuacha. Mchungaji alikuwa amempitia akamfariji, akasema ndege hawa ni wakimbizi kama sisi, wanatoka kaskazini wakitafuta pa kulala. Élisabeth akamjibu, "Mchungaji, hawa bako na mabawa. Hawajapanga foleni ya karatasi hata siku moja. Usinifananishe."

Aliyemwokoa ni Dulla. Huyu ni kijana wa Pangani, kuli wa bandarini, na siku za mapumziko huvua samaki miambani chini ya kilima. Humuuzia Élisabeth samaki. Juma lile Élisabeth alikwenda kuwachukua kwake, akaona ukutani Dulla ameanika mkate wa chambo, vipande vyeupe wazi kabisa, na hakuna shomoro hata mmoja.

"Dulla, shomoro ya kwenu inafunga Ramadhani?"

Dulla akacheka. "Sogea, mama. Pitisha mkono hapo taratibu."

Akapitisha, vidole vikagusa kitu asichokiona. Ni mshipi, uzi mwembamba wa kuvulia, umetandazwa huku na huku juu ya mkate.

"Shomoro ni mpekuzi," Dulla akaeleza. "Hatui tu. Anakaa pembeni, anatazama, anaruka hatua moja, anatazama tena. Sasa bawa likigusa kitu ambacho jicho halikioni, roho inamtoka. Harudi huyo."

"Na mbayuwayu?"

"Mbayuwayu haruki hatua moja moja, anakuja kama jiwe la manati. Sijui, mama. Jaribu."

Alimpa mshipi, na vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi huita chubwi, vinavyovuta uzi chini. Élisabeth alirudi akakata ufito wa mwanzi urefu wa mkono. Msumari alikatazwa, kwa hiyo alisuka kamba tatu za nywele nyeusi, akazipitisha juu ya boriti, akaufunga ule ufito mbele ya kiota. Kutoka kwenye ufito akaning'iniza mishipi, kila mmoja na chubwi chini. Nafasi kati ya uzi na uzi hakupima kwa rula. Alipima kwa jicho, kama anavyopasua nywele za kichwa. Nilichukua rula baadaye kwa udadisi wangu. Nafasi zote zilikuwa sawa.

Jike la mbayuwayu lilipokuja liligeuka hewani likarudi. Mara ya pili likageuka. Mara ya tano. Mteja kwenye kiti akauliza kama asubiri au aende nyumbani na nusu kichwa. Élisabeth akapanda kwenye benchi, akatoa nyuzi mbili zilizokuwa mkabala na mlango, akashuka. Jike likaja kwa kasi, likakunja mabawa, likapita katikati, likaingia.

Nusu saa baadaye shomoro wa bibu akatua kwenye mfereji. Akatazama. Akaruka mpaka kwenye boriti, akatazama. Akajinyoosha kuelekea kiotani, bawa likagusa uzi, akapiga kelele moja akaondoka kama ameungua. Alijaribu tena siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Kisha akahamia kwenye taa ya barabarani. Huo ndio uzuri wa mfanyabiashara mzuri: anajua lini soko limefungwa.

Mwishoni mwa Novemba kulikuwa na makinda. Hukuyaona, ulisikia tu, mlio kama wa karanga zinazotikiswa kwenye kopo. Élisabeth alihesabu siku kwa vidole, akahesabu siku za Josias pia, na hesabu hizo mbili hazikuachana kwa siku hata mbili.

Josias alikuja Alhamisi. Ni Mmalawi mpole, mfupi, mwenye mkono mwepesi, na kwa bahati mbaya alikuwa analipwa kwa kazi nzima, si kwa siku. Alhamisi alimaliza upande wa nyuma. Ijumaa akamaliza ubavu. Jumamosi asubuhi ilibaki mbele.

Nilifika saa tatu na mzigo wa sikukuu. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi! Kwa msusi hiyo ndiyo siku inayobeba mwezi mzima. Nilitegemea kukuta foleni hadi getini. Nikakuta benchi tupu, mlango wa saluni umefungwa, na Élisabeth amekaa kwenye kona, taulo mapajani, mikono imetulia. Sikuwahi kuona mikono ile imetulia. Nilidhani amefiwa.

"Wateja wako wapi?"

"Kwa Mireille. Nimewatuma wote."

"Umewatuma kwa Mireille? Leo?"

"Punguza sauti."

Nilitazama juu nikaelewa. Ile mishipi haikuwepo. Alikuwa ameitoa alfajiri. Kinda haliruki kwa kasi, akaniambia kwa kunong'ona, linaanguka kwanza halafu ndipo linakumbuka kwamba lina mabawa. Angeiacha ile mishipi, lingenaswa na kufia pale. Kwa kuitoa, amemfungulia mlango shomoro. Basi yeye mwenyewe ndiye angekuwa mshipi mpaka makinda yarukie nje, na huwezi kulinda mlango huku macho yako yamo kichwani kwa mtu.

Nikafanya hesabu ya siku ile kimoyomoyo, maana siwezi kujizuia. Sikuitaja. Naye alikuwa ameshaifanya kabla yangu.

Josias alikuwa upande wa pili wa baraza, rangi ya krimu, brashi inakwenda juu na chini bila huruma. Dominiki amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Hakuna aliyemwomba mwenzake kitu. Kila kinda likitoa kichwa, buluu kidogo na mdomo wa manjano, Dominiki alisema taratibu, "Hicho ni kichwa," na Élisabeth akajibu, "Naona."

Josias alipofika katikati ya ukuta, Élisabeth akanivuta shati.

"Kaa hapa. Usiongee, usichezee simu. Akija, tikisa taulo."

"Unakwenda wapi?"

"Kupakua."

Nikakaa. Yule shomoro wa bibu hakukawia. Alitua kwenye mfereji, akainamisha kichwa, akanipima kama ninavyompima mteja anayeuliza bei na hana nia. Akaruka hadi kwenye boriti. Nilitikisa taulo. Hakwenda mbali. Alijua si yule mama. Niliposimama ndipo akaondoka, na nilikaa nikiona aibu kwamba moyo unanidunda kwa sababu ya ndege mwenye uzito wa pakiti ya chumvi iliyoisha.

Élisabeth alitoka na sinia. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wawili wakubwa wa Dulla, pilipili pembeni. Akaliweka kwenye meza ndogo mbele ya Josias.

"Papa Josias, umekuja siku tatu na haujakula kwangu. Ni aibu."

Josias akaitazama brashi, akatazama samaki. "Ah, mama," akasema, akashuka kwenye ngazi.

"Hii nini sasa?" Dominiki akasema.

"Chakula."

"Makubaliano..."

"Makubaliano hayakusema Josias asile. Kaa na wewe, iko samaki ya wawili."

Dominiki alinigeukia tena mimi, nami nikatazama barabarani. Kisha akakaa. Nitasema hivi: nimeona watu wakinunua muda kwa mawakili, kwa hongo, kwa machozi. Sijaona ukinunuliwa kwa samaki mbele ya macho ya mwenye muda wake, naye akaomba pilipili.

Josias ni mtu anayeheshimu chakula. Alikula polepole, akachambua miiba yote. Wakati huo mbayuwayu wakubwa walibadili mwenendo. Walikuwa wanakuja na wadudu mdomoni, lakini hawaingii. Wanapepea mbele ya mlango, wanaita, wanarudi kwenye waya wa umeme. Wanaita tena. Élisabeth alikuwa amerudi kwenye kiti chake, shingo imenyooka, na midomo inacheza bila sauti.

Kinda la kwanza lilitoka mpaka kifuani. Likakaa hivyo muda mrefu. Josias akanawa mikono, akashika brashi, akaisogeza ngazi ile hatua moja iliyobaki, akaipanda. Mkono wake ulikuwa umeshainuka.

Kinda likaanguka. Kweli lilianguka, kama alivyosema, moja kwa moja kuelekea benchi, na nikajua limekwisha. Kisha likafungua mabawa, likakaribia kugusa mbao za benchi, likapanda, likapita juu ya kichwa cha Dominiki, likaenda kuning'inia kwenye waya wa uzio likitetemeka. Wazazi wakawa juu yake papo hapo.

Josias alibaki na brashi hewani, rangi inamdondokea mkononi.

"Eish," akasema Dominiki. Akakisogelea kiota, akakitazama kwa karibu, labda kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. "Ameruka."

"Ameruka," akasema Élisabeth.

"Kona yako."

Nilitegemea atanyanyuka, afungue saluni, aite wateja waliobaki. Mchana ulikuwa bado mrefu. Hakunyanyuka. Mkataba ulikuwa wa kinda moja, lakini ndani bado mlikuwa na wawili, na shomoro alikuwa anaangalia kutoka kwenye taa. Akakaa. La pili lilitoka saa saba. La tatu, lile dogo, lilikataa mpaka saa tisa na nusu, na muda wote huo Élisabeth hakula, hakujibu simu, hakuenda hata msalani. Lilipokwisha kuruka ndipo aliposimama, akashika kiuno kwa maumivu, akanifungulia mlango na kuanza kuzitukana pakiti zangu kwa sauti ileile ya siku zote. Nilimwachia kwa bei yake. Nilijiambia ni kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nilipotoka Dominiki alikuwa amepanda ngazi mwenyewe, na penseli sikioni na timazi yake ya kazini. Alipima mkono mmoja kutoka kwenye kiota upande huu, mkono mmoja upande ule, akachora mstari juu ya ukuta.

"Josias, rangi iishie hapa," akasema. "Ukivuka mstari, unarudi Jumatatu kukwangua."

Ukienda leo utaiona. Nyumba nzima ni ya krimu, na kwenye kona ya baraza kumebaki mraba wa kijani cha zamani, kingo zake zimenyooka kabisa.